Mama Kapanga Gongoni

Bagamoyo,
14 Januari 1974

Kwa mwanangu Msabaha,

Salamu nyingi zikufikie huko Pangani, wewe na mkeo Mwanvita. Hamjambo? Mie sijambo, nimefika mzima isipokuwa kiuno, ambacho nadhani kimebaki Chalinze kwenye lile basi. Kikipatikana mniletee.

Basi, nimefanya ulivyotaka. Nimeteremkia Dunda kwa ami yako Alawi, na hapa ndipo nilipo. Chuoni mabweni ni ya wanaume tu. Sisi wanawake tumeambiwa kila mmoja ajitafutie pa kukaa, maana walidhani hatutakuja. Tumekuja tele. Mie ndiye mkubwa wao wote, wenzangu wananiita Bibi na naitika. Mwalimu wetu ni kijana wa umri wako. Siku ya kwanza kaniamkia shikamoo mbele ya darasa zima, kisha akaona haya kunambia nimekosea hesabu.

Msabaha, nimefurahi sana, wacha niseme. Tangu yule bwana wa elimu aliponikuta uani nikiwafundisha majirani kisomo kwa kubahatisha, akaniuliza kama niko tayari kwenda kusomea kazi hiyo mwaka mzima, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu kwa furaha. Mjane wa miaka arobaini na tatu, nimebeba daftari!

Ami yako kanipokea vizuri. Mkewe Dija kanipa kitanda kikubwa kuliko chao. Ila chuo kiko mbali, upande wa pili wa mji. Nitazoea, inshallah.

Mama yako,
Biubwa

*

Pangani,
2 Februari 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapa kwetu wote wazima, tunaomba na wewe uwe hivyo, na kiuno kimerudi.

Nimeshukuru kusikia uko kwa Ami Alawi. Moyo wangu umetua. Makarani wenzangu pale ofisi ya shamba la mkonge wameniuliza, "Mama yako kakaa na nani huko?" nami nikawajibu kichwa juu, "Kwa shemeji yake, nyumba ya heshima." Mjini kwa watu hapaaminiki, mama. Ukiwa Dunda, hata ukichelewa kidogo watatoka kukutafuta. Tulia hapohapo, usome, mwaka uishe urudi nyumbani.

Mwanvita anakuamkia.

Mwanao,
Msabaha

*

Bagamoyo,
20 Machi 1974

Mwanangu Msabaha,

Habari za siku nyingi? Kazi inakwendaje? Mkwe wangu hajambo? Huku ni joto, na kichwa kinaniuma, na kinachoniumiza kichwa ndicho ninachokuandikia.

Nyumba ya ami yako ina mapenzi mengi mno. Usicheke. Nikirudi chuoni, hata buibui sijavua, ukumbi umejaa wageni waliokuja kumtazama shemeji wa Pangani. Nikae nao, nile nao, niulizwe habari za kila aliyekufa na kila aliyeolewa Pangani tangu vita vya Wajarumani. Nikifungua daftari, Dija husema, "Jamani, pumzika, utaharibu macho!" akanipokonya akaliweka juu ya kabati. Dija hana ubaya hata chembe. Kwake yeye, mtu anayekaa peke yake chumbani na kitabu ni mgonjwa, naye huja kuniuguza.

Halafu mie ni jamaa, si mpangaji. Kodi siwezi kuwapa, wataona nimewatukana. Kwa hiyo nalipa kwa mikono. Wiki aliyoozwa binti wa ndugu yake Dija nilikuna nazi mpaka vidole vikaota malengelenge, na darasani sikwenda. Nani angethubutu kusema, "Samahanini, najua kuna arusi, lakini mie nina somo la hesabu"? Mkuu wa chuo kaniita. Nikikosa tena bila ugonjwa, jina langu litafutwa nirudi Pangani. Kanambia kwa adabu, lakini kanambia.

Nataka kupanga chumba, Msabaha. Nilitoka nyumba ya baba yangu nikaingia ya baba yako, Mungu amrehemu, na kutoka hapo nikaingia yako. Zote nzuri, sina la kulalamika. Lakini katika maisha yangu sijawahi kufunga mlango nikajua kuwa aliyemo ndani ni mie tu. Nataka chumba karibu na chuo, maji yasiwe mbali, na majirani wawe watu. Mwaka mmoja basi. Nisipokipata nitafeli, na nikifeli nitalia, nakwambia kabisa.

Mama yako,
Biubwa

*

Pangani,
1 Aprili 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila barua yako imenitia homa.

Nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Mama, mambo gani haya? Mjane mwenye mwana mzima, mwana mwenyewe ana kazi yake, akapange chumba kama msafiri asiye na kwao? Na shemeji yake yumo mji huohuo? Watu watasema Ami Alawi kakufukuza. Wasiposema hivyo watasema umemkimbia, na sijui lipi baya zaidi. Ni kumvua nguo mzee wa watu. Na huo mtaa utaujuaje? Mwenye nyumba utamjuaje? Mtu akikugongea mlango jioni, utamwita nani?

Sikuamrishi, nitakuamrisha vipi mama yangu? Nakuomba. Vumilia. Soma alfajiri kabla wageni hawajaamka. Ukihama mimi uso wangu nitauweka wapi?

Mwanvita anasema nikuandikie kwamba yeye yuko upande wako. Nimeandika kwa sababu kasimama nyuma yangu anaangalia.

Mwanao,
Msabaha

*

Bagamoyo,
28 Aprili 1974

Mwanangu Msabaha,

Natumai homa imeshuka. Mwambie Mwanvita nimemsikia. Sasa kaa chini vizuri, maana nimehama.

Kalamu iache kwanza, nisikilize. Ulisema kweli kuhusu ami yako: kumwambia "naondoka" nisingeweza. Basi nilimwendea asubuhi akinywa kahawa, nikamwambia, "Shemeji, mkuu wa chuo hataki nikose tena darasa, na nikitoka huku mbali nitakosa. Itanibidi nikae karibu na chuo. Lakini mie mwanamke mgeni, mtaa mzuri na mbaya sijui. Nani atanichagulia kama si wewe?" Akaweka kikombe chini, akakunja uso. Nikajua nimeharibu. Kumbe anafikiria mitaa!

Ewe, tangu hapo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila alasiri alivaa kanzu, akachukua bakora, akatoka kuikagua Bagamoyo kama anayetaka kuinunua. Mtaa mmoja kaukataa kwa kuwa kisima kiko nyuma ya kilabu cha pombe. Kwenye mwingine alikuta vijana barazani wanacheza karata mchana kweupe, akawauliza wanafanya kazi gani, wakamcheka, akarudi na hasira hata chakula hakula. Njia ya Kaole hataki kuisikia: minazi mitupu, eti nikipiga kelele zitanisikia nazi. Kuna mwenye nyumba aliyemkaribisha kwa chai na maandazi, mambo yakaenda vizuri mpaka ami yako alipoona komeo la mlango liko nje, ndani hamna. "Hiki chumba cha mbuzi," akamwambia, akaondoka na chai hajaimaliza.

Mwisho kapata Gongoni, kwa Bi Sihaba, mjane kama mie, asiyepangisha ila wanawake. Chuo unakiona ukisimama kizingitini. Bomba la maji liko hapo nje. Ng'ambo ya njia kuna duka la Dinesh na mkewe Damyanti, jioni wanawasha karabai, njia yote inaonekana. Ami yako hakutosheka. Alikwenda akakaa kwenye baraza ya msikiti wa hapo, alasiri mpaka isha, akitazama nani anapita na anapita vipi. Ndipo akarudi akatangaza, "Nimemchagulia." Sasa mji mzima unajua shemeji wa Alawi kakaa Gongoni kwa chaguo la Alawi, na ole wake atakayesema vingine. Dija kalia kidogo, kisha kanipa mkeka na masufuria. Ijumaa nakwenda kula kwao.

Nimeufunga mlango wangu, mwanangu. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, mpaka Bi Sihaba akauliza kulikoni.

Mama yako,
Biubwa

*

Pangani,
12 Mei 1974

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Ami kachagua, sawa, lakini Ami ni mzee na macho yake si yale ya zamani. Mama yangu kukaa chumba cha kupanga siwezi kuvumilia. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja mwenyewe kukurudisha Dunda. Uwe umefunga mizigo.

Mwanao,
Msabaha

*

Pangani,
16 Juni 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimefika salama. Samaki wako wa ng'onda wamefika salama pia, ingawa abiria wenzangu hawakufurahi nao. Mwanvita anashukuru.

Kuna jambo sikukusimulia nilipokuwa hapo, niliona haya. Ulipotoka chuoni ukanikuta dukani kwa Dinesh, nimekaa juu ya gunia la mchele nakula biskuti, ulidhani najipumzisha. Sikuwa najipumzisha, mama. Nilikuwa nimekamatwa.

Nilifika mchana, nikauliza nyumba ya Bi Biubwa wa Pangani. Yule mama Damyanti akatoka nje ya duka, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe nani?" Nikasema mimi mwanawe. "Kila mwanamume ni mwana wa mtu," akasema, "kaa hapa." Nikamwambia mimi ni karani. "Haya, karani, kaa hapo kwenye gunia." Nikampuuza, nikavuka njia kuelekea mlangoni kwako. Loo! Bi Sihaba huyo kizingitini, mchi mkononi. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akaacha kushona. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka. Hata mzee aliyekuwa akitawadha msikitini aliinua kichwa, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Hakuna aliyenitukana, walinitazama tu. Nikarudi kwenye gunia kwa miguu yangu.

Wakanipa maji, wakanipa biskuti, wakaanza kuniuliza. Baba yako nani? Mama yako anapenda chai ya namna gani? Nikajibu yote, na Bi Sihaba akasema, "Majibu mazuri, lakini tumngoje mwenyewe." Tukakungoja.

Nilikuwa nikikuuliza, mtu akikugongea utamwita nani. Basi mtu mwenyewe alikuwa mimi, na hukumwita yeyote, hata nyumbani hukuwepo. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kukwambia. Yote yalibaki kwenye lile gunia.

Kaa Gongoni, mama. Nimemwandikia Ami kumshukuru.

Mwanao,
Msabaha

*

Pangani,
25 Novemba 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na hongera! Barua ya kufaulu kwako nimeisoma ofisini kwa sauti, msimamizi akaniambia nipunguze. Na nimesikia umekubali kubaki mwakani ufundishe kisomo hapo mjini na Zinga. Hukuniomba ruhusa, nami natangaza kuwa nimekupa.

Sasa jambo kubwa. Mwanvita amechaguliwa kuingia chuo hicho Januari. Alikwenda mwenyewe kwa afisa wa elimu, mimi nimekuwa wa mwisho kuambiwa. Tuligombana siku moja, ya pili nikamuunga mkono, maana nitaficha nini, najivunia. Lakini nimeweka sharti moja: akae chumbani kwako. Mlale pamoja, umtazame kwa macho yako. Naye atakupikia ukirudi umechoka. Mkamwana akikaa na mkwewe hakuna wa kusema neno, na mimi nitalala usingizi.

Najua hutakataa.

Mwanao,
Msabaha

*

Bagamoyo,
12 Desemba 1974

Mwanangu Msabaha,

Salamu zangu za mapenzi kwako, na kwa Mwanvita mara mbili. Nilipoisoma barua yako nilipiga vigelegele, Damyanti akavuka njia mbio akauliza nani anaolewa. Nikamwambia, haolewi mtu, mkwe wangu anakuja kusoma. Naye akapiga.

Lakini kwangu hatakaa.

Usinune. Nampenda kuliko unavyojua. Akikaa chumbani kwangu atanipikia, atanifulia, atanipashia maji alfajiri, na chakula hatagusa mpaka nile mie. Nitamkataza. Ataendelea. Na baada ya mwezi nitaacha kumkataza, kwa sababu ni raha, Msabaha, kufanyiwa kazi na mtu anayekupenda. Wageni wangu watakuwa wageni wake, naye atawapikia chai huku somo linampita. Nitamfanyia yaleyale niliyofanyiwa Dunda, na kwa mapenzi yaleyale. Sitaki.

Vyumba vipo. Kwa Bi Sihaba mpangaji mmoja anaondoka Januari, chumba kidogo lakini kina hewa. Kwa fundi cherehani kuna cha mbele, kikubwa, ila cherehani haipumziki. Kuna kingine mlangoni kabisa mwa chuo, maji ndiyo mbali. Ami yako keshavaa kanzu, nimemwambia akague mabomba na makomeo tu, asitangaze kitu. Mie sitachagua, na wewe usichague.

Mpe Mwanvita barua hii aisome mwenyewe. Kisha mpe kalamu, utoke uende zako kahawani. Aniandikie yeye anataka kukaa wapi.

Nangoja barua yake, si yako.

Mama yako, na mkwe wa Mwanvita,
Biubwa