Siku Niliyosema Simjui

Makole, Dodoma
12 Oktoba

Dada yangu Rukia,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Goti la baba limepata nafuu? Huko Busi mmeshaanza kusafisha mashamba? Sisi huku ni wazima, ila moyo wangu hautulii. Leo nimeshika simu mara tatu kukupigia, nikaiweka. Kwa simu ningepata upenyo wa kukudanganya tena.

Unakumbuka Sikudhani alivyokuja kwangu Januari kuanza darasa la tano, mkubwa wa mwili kuliko wenzake wote na wala hajali. Wakamweka mlinzi kwenye timu ya netiboli. Jioni alinionyesha jikoni jinsi anavyoruka kudaka, masufuria yakatikisika. Mwezi wa saba nilikwambia mwalimu amemwacha kwa sababu timu imejaa.

Tangu hapo amekuwa mtu mwingine. Anashinda na sweta, na joto la Oktoba unalijua. Chakula anakisogeza pembeni ya sahani, anasema ameshiba. Alhamisi asubuhi alianguka mstarini shuleni. Usishtuke, aliinuka palepale, na zahanati walisema ni njaa tu. Njaa, dada, katika nyumba yenye unga na maharage!

Mwalimu wake, Evodia, aliniita akanifungulia daftari la insha. Mara mbili mwaka huu watoto wameandika juu ya "Mimi ni nani". Mwezi wa tano mwanao alijaza ukurasa mzima: kwamba ni mtoto wa Rukia wa Busi, anajua kuchunga mbuzi, ana mikono mirefu kama ya babu yake, na mpira ukija kwake haupiti. Mwezi uliopita aliandika mstari mmoja: "Mimi ni mnene." Mwalimu alimuuliza nani amemwambia hivyo. Akajibu hakuna mtu.

Ni mimi, dada. Wenzake hawakumcheka kamwe. Walimwita Ukuta, naye akafurahi. Siku ya mechi ya mwezi wa saba, Bupe, tunayefanya naye kazi ofisini, aliniuliza huku anacheka kama yule mtoto mnene kule golini ni wangu. Niliona aibu. Nikasema simjui. Kugeuka, Sikudhani yuko nyuma yangu, amekuja kuomba maji.

Jumatatu yake nilikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu amtoe. Nyumbani nikaanza kumpunguzia ugali. Naye hakuwahi kuitaja siku ile, hata kwako.

Jana nilimwomba msamaha. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, nikipungua utasema unanijua?"

Nililia, dada. Nilimwambia ni mwanangu, alivyo leo na atakavyokuwa. Sijui kama aliniamini. Leo nimemweleza Bupe ukweli, na mwalimu amekubali kumrudisha kwenye timu. Mwenyewe anasema bado anafikiria. Asubuhi amekula nusu ya uji, nami nimezunguka nyumba nzima nikijizuia kumsimamia.

Nigombeze utakavyo. Ukisema nimrudishe, nitamleta mwenyewe. Ila kabla ya yote mpigie umsikie, na usimuulize habari za chakula. Muulize habari zake.

Msalimie baba, na kaka Khalidi na watoto wake. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Mwajabu