Lori Lisije Likakuoa

Makambako, 4 Februari 2024

Mama Obed mpenzi,

Hujambo? Watoto je, na kile kikohozi cha Jasmine? Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo unaumizwa na hili lori la watu ninaloendesha.

Naandika kwa kuwa kwenye simu tukigusa habari ya gari tunaishia kukatiana. Hela ya miti yetu tuliyouza ipo benki, na tulikubaliana inunue gari moja. Hapa kuna kenta, lori dogo la mizigo, inauzwa. Nimeiendesha, injini yake imetulia. Gari lisilobeba mzigo ni pambo, mke wangu. Viazi viko Njombe, walaji wako Dar. Nikiwa na kenta nitashuka Dar mara mbili kwa wiki, na sitaitwa tena dereva wa fulani. Sema ndiyo nikamalizane na mwenyewe.

Mumeo,
Baba Obed

Kifanya, 10 Februari 2024

Baba Obed, kamwene!

Jasmine amepona, anakimbia kwenye matope bila viatu, na akiitwa haitiki. Mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Pole na mgongo.

Sisemi ndiyo. Kenta inakula dizeli ikienda na mzigo, na ikirudi tupu inakula vilevile. Severini rafiki yako anauza gari lake dogo, na ni wewe uliyeniambia kwamba linanusa mafuta tu. Ukiwa na hilo utakuja nyumbani kila Jumamosi. Dar mara mbili kwa wiki! Hapa utalala lini? Kanisani nakaa kama mjane, na mume ninaye. Nimechoka, nakwambia ukweli. Lori lisije likakuoa.

Mkeo,
Mama Obed

Makambako, 25 Februari 2024

Mama Obed,

Salamu zikufikie wewe na wanangu. Mimi sijambo, lakini barua yako ilinichoma. Niliisoma nikaacha ugali mezani.

Basi, mwenye nyumba ni wewe. Nimemwomba Severini gari lake nilijaribu. Jumamosi nakuja nalo. Likikupendeza, ndilo.

Mumeo,
Baba Obed

Kifanya, 6 Machi 2024

Baba Obed, kamwene tena!

Ulifika salama? Sisi wazima, ila mbavu zinauma kwa kicheko. Kijiji kizima bado kinasimulia jinsi akina mama wa kwaya walivyolisukuma gari la Severini kwenye mlima wa kanisa huku wakiimba, na wewe ndani umeshika usukani, jasho linakutoka. Sikatai, nilikaa kiti cha mbele kama mke wa mchungaji, na nilifurahi sana.

Lakini Jumatatu uliondoka na magunia yangu mawili, tako la gari linakwaruza barabara, na viazi vyote vilivyobaki vikabaki. Jana mnunuzi kaja na lori lake. Kwa kuwa lori ni lake, na kipimo ni chake: lumbesa. Gunia limejaa, anaongeza, anaongeza, kilemba kinasimama juu, wanakishona kwa kamba, kisha analipa gunia moja. Ukikataa, anawasha gari na viazi vinakuozea. Jirani yangu Scolastika alilia waziwazi. Mimi nilikasirika hata kulia sikuweza.

Nimewaza usiku na mchana. Mafuta tunayookoa kwa gari dogo, yule bwana anayabeba juu ya kila gunia. Nunua kenta. Scolastika na wenzake watakupa mzigo, na hapo Makambako tutauza kwa kilo. Sharti langu ni moja: isivuke Makambako. Mzigo wa kurudi nao utafute wewe.

Mkeo,
Mama Obed

Makambako, 7 Aprili 2024

Mama Obed,

Hamjambo wote? Najua umekasirika, mwezi mzima sijaandika, na simu nilikuwa napokea kwa haraka haraka.

Kenta nimenunua. Siku ileile tajiri mmoja akanifuata: kila wiki mzigo wa Dar, malipo mazuri mno. Nilitamani, mke wangu. Nilikaa kimya kwa sababu ningekuandikia ningekudanganya. Juzi nikamjibu hapana. Akanicheka, akasema naogopa mke. Nikamwambia ndiyo.

Kuna duka la mbolea hapa linalotafuta gari la kupeleka Njombe na vijijini. Kwenda viazi, kurudi mbolea. Faida ni ndogo kuliko ya Dar, lakini kenta hairudi tupu, wala mimi silali njiani. Jumatano nakuja na mifuko ya kwanza.

Mumeo,
Baba Obed

Kifanya, 29 Aprili 2024

Baba Obed,

Umeamkaje? Barua hii sijaituma popote, nimeibana chini ya kikombe chako. Ulikuwa unakoroma nikaona haya kukuamsha. Chai ipo kwenye chupa, viazi viko sufuriani. Scolastika na wenzake wanakusubiri saa nne, magunia tumeshona bila kilemba. Mimi nimetangulia shambani.

Obed ameshakwenda shule. Kabla ya kutoka alichungulia chumbani, akarudisha mlango polepole, kisha akamkemea Jasmine: "Acha kelele wewe, baba amelala."

Mkeo,
Mama Obed