Safari Tisa kwa Jina la Dada

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo ndoa ya dada yangu inawekwa kikaoni na mkosaji ni mimi.

Sisi ni wageni nchi hii, na tulipofika tu baba akamwacha mama akahamia mji mwingine na mwanamke mwingine, mama akaapa kwamba atakayekanyaga kwa baba asimwite yeye tena mama, tukatii miaka yote, lakini mwaka huu nikasikia baba amepata kiharusi, yule mwanamke kaondoka, yuko peke yake chumba kimoja, na ndipo wenzetu walipoanzisha haya mabasi ya bei poa yanayoondokea nyuma ya duka la simu, basi kila Jumanne, siku yangu ya mapumziko hotelini ninakotandika vitanda, naenda kumwogesha na kumkata kucha kisha narudi.

Karani wa basi aliponiuliza jina na namba niliogopa wasije wakapiga simu mama akiwa karibu, tunalala chumba kimoja, nikataja vya dada. Wiki iliyopita karani akapiga kumpongeza dada, safari tisa za Jumanne, ya kumi bure, na simu akaipokea shemeji, ambaye Jumanne huwa kwenye zamu kiwandani. Akauliza kwa upole tu, "Huko kuna nani, mke wangu?" Dada akaapa hajawahi kulipanda basi hilo, shemeji akaenda kulitazama daftari, akalikuta jina mara tisa. Ameita wazee wa pande zote mbili. Dada ananiambia, "Mdogo wangu, ni wewe tu unayeniamini," nami namfuta machozi tu. Nikisema, nampoteza mama. Nifanyeje?

Mtandika Vitanda

Mtandika Vitanda, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, kwa kuwa kumwogesha baba mgonjwa si kosa na usimwombe mtu radhi kwa hilo. Mara ya pili nilikasirika. Unamfuta dada yako machozi uliyomliza mwenyewe, halafu unaniuliza ufanyeje? Unajua vizuri sana.

Mama atanuna, pengine atakufungia mlango, siwezi kukudanganya. Lakini hasira hiyo ni yako kuibeba, wewe ndiye uliyekwenda. Dada yako hakwenda popote.

Usingoje kikao. Leo ukitoka kazini nenda kwa dada, na useme kabla hujavua viatu, maana ukishakaribishwa chai utaghairi. Kisha mwambieni shemeji. Akisita, nenda naye mpaka kwa karani, akutazame uso aseme ni nani hupanda Jumanne. Jioni hiyohiyo mwambie mama, asije akayasikia kwa wazee. Usimfundishe kusamehe. Mweleze tu hali uliyomkuta nayo baba.

Na ile tiketi ya bure usiiguse. Ina jina la dada yako, naye pia ni mtoto wa yule mzee. Muulize kama angependa kwenda.