Nusu ya Pili ya Treni

Almeda, Nebraska
11 Mei, 1986

Kwako rafiki yangu Orville,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, au angalau na nguvu za kuamka asubuhi ukajichemshia kahawa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, na wiki hii imenyesha kila siku. Wakulima wamekwama, matrekta yamesimama, hakuna anayeweza kupanda.

Barua yako ya kunijulisha kifo cha Bernadine niliipata mwezi uliopita. Niliisoma pale pale posta, nimesimama. Vernice wa dirishani akaniuliza kulikoni, nikaikunja barua nikatoka. Pole sana, ndugu yangu. Mkeo sikuwahi kumwona kwa macho, lakini kwa miaka ishirini na mitatu nimeuzoea mwandiko wake pembeni mwa barua zako, akinitania kwamba tembo wangu wa mbao wamenenepa mno, siku moja watavunja reli.

Unasema tangu mazishi hujashika gundi wala msasa. Basi nikupe habari za treni yetu ndogo ya sarakasi, labda utachangamka kidogo. Nusu yangu imekamilika. Mabehewa arobaini na moja, kama tulivyogawana tangu mwanzo: wewe injini, mahema na mabehewa ya kulala wasanii, mimi wanyama, jiko, na mabehewa ya wazi ya kubebea magari ya gwaride. Gari la mwisho, lile la kinanda cha mvuke, limenimalizia majira yote ya baridi. Mabomba yake nimeyakata kutoka kwenye waya wa shaba, moja moja, na miale ya njano kwenye magurudumu nimeipaka kwa brashi niliyoipunguza hadi ikabaki na nywele tatu.

Mwezi Februari maktaba yetu iliniomba niyapange mabehewa yote kwenye meza ndefu, watu waje kutazama. Jamaa wa ghala la nafaka ninakofanya kazi walikuja pamoja. Duane, yule mropokaji, alianza kelele akiwa bado mlangoni: “Mzee wa sarakasi! Hao simba wako leo wamekula lakini?” Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akainama akautazama mnyororo mguuni mwa tembo kwa muda mrefu. Alipoinuka aliniuliza, bila utani safari hii, haya yote namtengenezea nani. Nikamweleza kwamba nina rafiki Wisconsin mwenye nusu nyingine. “Sasa si umpelekee, bwana,” akasema. “Unangoja nini?”

Na wewe umeniuliza hivyo hivyo kila mwaka, na kila mwaka nimekutafutia sababu. Mara mavuno, mara mwanangu Rodney ana homa, mara mke wangu Arlene anaogopa safari ndefu.

Sasa umeniandikia kwamba Julai nije kwako Baraboo, treni yetu iungane angalau mara moja tukiwa bado hai. Umesema mimi na Arlene tutalala kwenye chumba cha kushonea cha Bernadine. Tena umeomba Arlene akuandikie mistari miwili tu, kwa sababu nyumba yako imekosa neno la mwanamke, na yeye atajua cha kukushauri kuhusu nguo za marehemu kabatini, uziache au uzigawe.

Orville, nilijaribu. Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye meza ya jikoni, nikachukua kalamu ya wino wa bluu, nikaulaza mwandiko upande, nikaandika kama Arlene. Nilikushauri ubaki na koti moja, zilizobaki uwape kanisa. Niliandika ukurasa mzima na nusu, na yalinitoka kirahisi mpaka nikaogopa. Nilikuwa nimeshatia sahihi nilipokufikiria umekaa na karatasi ile mkononi, ukilia kwa maneno ya mtu ambaye hayupo. Nikaichana, nikaitia motoni.

Arlene hayupo. Hakufa wala hakuniacha. Hajawahi kuwapo. Rodney naye hivyo hivyo. Sijaoa, Orville, na katika nyumba hii tangu mama yangu afariki hakuna aliyelala ila mimi.

Ilianza na barua yako ya kwanza kabisa. Uliuliza kwa mzaha kama mke wangu ananiruhusu kuchonga mbao mezani pa chakula. Niliona aibu kukujibu kwamba mezani pale hapaketi mtu mwingine. Nikaandika kwamba Arlene analalamika unga wa mbao unaingia kwenye supu. Ukacheka sana, Bernadine naye akaongeza salamu zake, basi nikashindwa kurudi nyuma. Hapa mjini kila mtu anajua ninavyoishi. Kwenye barua zako tu ndiko nilikokuwa na watu wangu, na nikikaa kukuandikia nilikuwa nawasikia.

Bernadine alipomfumia Rodney soksi za sufu nilijibu kwamba zimemtosha barabara. Zimo kwenye droo, hazijaguswa na mguu wowote. Yeye siwezi tena kumwomba radhi. Nakuomba wewe.

Kila nilichokuandikia kuhusu treni ni kweli, hadi msumari wa mwisho. Na siku nilizosimama posta nikiingoja barua yako, hizo pia ni za kweli.

Nguo za Bernadine mimi sijui mtu afanye nini nazo. Najua tu kwamba za mama yangu bado zimetundikwa, miaka ishirini na mitano sasa, na sidhani nilifanya vyema.

Ukinitaka bado, nitakuja Julai na masanduku sita ya mabehewa. Usinitayarishie chumba cha kushonea, kochi litanitosha. Usiponijibu nitaelewa, na nusu yangu nitakutumia kwa njia ya reli, maana ni yako pia.

Nisalimie majirani waliokusaidia wakati wa msiba. Siku zote barua zangu nimezifunga kwa kusema kwamba wote wa nyumbani wanakusalimu. Leo anayekusalimu ni mimi tu.

Rafiki yako,
Delmar Voss