Mlonge wa Kuku, Uji wa Mama

Nyumbani kwa Mama, uani,
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko mbali na baridi yenu? Kifua kimeachia? Shemeji yangu mpishi hajambo? Na mapacha, bado wanapigana kama majogoo? Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu. Kusema hasemi, lakini nikitaja jina lako anapepesa jicho la kulia. Ndiyo salamu hiyo, ipokee.

Mwandiko usikutishe. Unajua shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujasuluhishwa mpaka leo.

Sasa nikupe habari za shamba. Mdogo wako, aliyevuka mipaka saba kwa lori na kutukanwa kwa lugha tisa, leo ni bwana shamba wa kuku kumi na mmoja! Nilipanda mchicha, mnanaa na kivumbasi ili kuku wapate mboga na dawa hapa hapa uani. Nilipanda asubuhi, adhuhuri wenyewe wamekwisha vuna, na mizizi juu. Nikamwendea seremala anipigilie fremu za mbao, kimo cha shubiri, nikatandaza waya wa matundu juu yake. Sasa jani likichomoza wanalidonoa, mzizi unabaki salama chini. Majirani wanakuja kushangaa. Nawaambia nilijifunza ng'ambo. Uongo mtupu, Dada, nimejifunza kwa hasara.

Mlonge ndio siufuniki, ni mrefu. Nakata matawi, nawapa majani kwa mkono, mmoja mmoja. Na hapo ndipo niliponasa.

Tangu Mama apooze alikuwa anakataa kula. Siku moja nikamkalisha uani, nikawa nagawa majani, kila kuku na lake. Mara namwona Mama naye amefungua mdomo, anangoja zamu! Nikampa uji, akamaliza bakuli. Nilishangilia mpaka kuku wakatawanyika. Kumbe nilikuwa najifungia mlango kwa mkono wangu. Tangu siku ile hali chakula mpaka awe pale uani, mpaka kuku wa mwisho apate jani, na mkono uwe huu huu. Mara tatu kwa siku.

Jirani yetu fundi cherehani alijaribu kunipokea zamu ya kumlisha, mpaka akavaa koti langu na kofia. Mama akamtazama, akafumba mdomo kama kufuli. Fundi akanirudishia koti. "Kapteni, mama yako kapooza mwili, macho hayajapooza. Hata ukinipaka rangi, mimi si wewe."

Basi safari yangu ndefu siku hizi ni duka la kona, tena mbio, nisipitwe na mlo. Kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta ni hatua thelathini na nne. Nikienda kwa maringo zinafika arobaini.

Wiki iliyopita tajiri wangu wa zamani alinipigia simu: lori jipya, usukani wangu, nijibu kufikia Ijumaa. Nilifunga begi, Dada. Nikanyoa ndevu. Ijumaa asubuhi nikampigia, nikamwambia hapana. Mtaani nimetangaza kwamba lori lile ni bovu, halina hadhi yangu, wakacheka. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kweli: lilikuwa lori zuri, na nililitaka mpaka meno yakaniuma.

Sikulaumu. Dawa unazotuma zinafika. Ila dawa hazina mkono. Njoo mwezi mmoja tu, tukae benchi moja, ugawe majani nami, Mama akuzoee. Atakutemea siku za mwanzo. Vumilia, hata mimi alinitemea.

Usije kwa ajili ya lori, limeshapata dereva. Njoo kwa sababu mkono wenyewe ni mmoja, na siku nikilala kitandani Mama atashinda na njaa. Mimi niliyelala chini ya lori jangwani bila shuka, Dada, sasa naogopa mafua.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha wote wawili wasije wakagombana. Mungu akulinde njiani, maana naomba kana kwamba umekwisha panda gari.

Ndimi mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Kapteni