Mlima Umekohoa Tena

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye majivu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mwili mzima. Moyo usiuulize, maana huu mlima utanitoa roho kabla haujalipuka.

Jumatatu wataalamu walitangaza redioni kwamba tahadhari imepanda kutoka manjano hadi rangi ya chungwa. Nikaanua nguo zote za wateja zikiwa bado mbichi, nikazirundika ndani. Jumanne wakasema imeshuka. Nikaanika upya. Sijamaliza hata kubana vibanio, mlima ukakohoa mara moja tu, ukanyamaza, na mashuka arobaini ya hospitali yakawa ya kijivu. Dada, nimeyafua mara tatu! Ukiyasugua majivu yale yanakwaruza kitambaa kama msasa. Muuguzi mkuu alipoyafuata, aliniuliza kama nimeyafulia jikoni. Nikamwonyesha mlima kwa kidole. Akasema mlima hakuupa kazi, alinipa mimi.

Jirani yetu kinyozi naye amejifanya mtaalamu. Kila asubuhi anasimama barazani akitufundisha kwamba moshi mweupe ni mvuke, mweusi ni balaa. Siku alipouona mweusi alituhamisha mtaa mzima, kumbe kuna mtu anachoma matairi. Tulirudi na magodoro vichwani, hakuna aliyemsalimu.

Lakini Alhamisi haikuwa mzaha. Ardhi ilitikisika, meza ya kupigia pasi ikapinduka, na mchana ukawa giza. Mama alikohoa mpaka akashindwa kukaa. Daktari alimpima kifua, akaniambia bila kuzunguka mbuyu kwamba mapafu yake hayatavumilia mwezi mwingine wa majivu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mara nne umeniandikia nimlete Mama kwako, na mara nne nimekujibu kwamba amekataa, kwamba kichwa chake kigumu. Si kweli. Mama alifunga mzigo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba wewe huna nafasi. Yeye ndiye anayepokea wateja, anayejua shati la nani limepungua kifungo. Nilijiona nimebaki peke yangu na pasi katika nyumba hii, nikaogopa. Mtu mzima na ndevu zangu.

Usiku wa Alhamisi hiyohiyo nilimwambia ukweli. Nilitegemea atanifokea. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu hakunikataa?" Kisha akalia, na sijamwona akilia tangu tulipomzika Baba.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo ikutangulie. Mama anakuja na basi la Jumamosi asubuhi; tafadhali mpokee stendi. Mimi nitafuata nikishawarudishia watu nguo zao. Ukinifungia mlango sitakulaumu. Ila yeye, akishuka tu, mwambie kwa kinywa chako kwamba chumba kilikuwepo siku zote. Likitoka kwangu mimi, hilo neno halina uzito tena.

Msalimie sana shemeji, na wanao wajue mjomba anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Dobi