Siku Nilipomnyima Baba Kura

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kariakoo hatujambo. Bibi yako amepona goti, na dada yako amejifungua salama. Unasema kata yenu huko Mwanza imeunganishwa na ya jirani, mjomba wako anagombea, nawe hujui umchague nani. Sitakuchagulia. Nitakusimulia tu yaliyonipata enzi za Mwingereza.

Mtaa wetu uliunganishwa na wa bondeni, tukatakiwa tuchague jumbe mmoja wa kuiongoza yote miwili. Baba yangu, fundi cherehani, alishindana na Mzee Sefu wa bondeni, mchoma mikate. Wanaume tulipanga mistari, kila mmoja nyuma ya aliyemtaka. Mimi nilikuwa nimemwona Mzee Sefu wakati wa mafuriko, akiwatoa watu majumbani huku nyumba yake mwenyewe ikijaa maji. Nikaenda kusimama nyuma yake.

Baba akashindwa. Akanijia moja kwa moja.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Baba, mvua zikirudi, yule ndiye atakayetugongea mlango.”

Alinishika mkono tukarudi nyumbani, watu wakitutazama. Tulipofika mlangoni akamwambia mama, “Mpakulie huyu wali kwanza. Leo amekuwa mtu mzima.”

Hadi leo nikimwombea baba dua, jambo la kwanza ninalolishukuru ni ile sahani ya wali.

Akupendaye,
Babu Athumani